Kiberenge cha Alibhai

Siku ya kuniaga mlinipa kiti. Nashukuru, ni kiti kizuri, kina mto na mikono ya mninga. Ila niseme kweli, fundi aliyesimama mbele ya jiliwa la kubania chuma maisha yake yote kupewa kiti wakati goti limekwisha ni sawa na kupewa mwavuli mvua imekatika. Hata hivyo nimekikalia, na ndicho nilichokalia ninapoandika haya.

Mmoja wenu, simtaji maana anajijua, aliniuliza ni kazi gani ninayoikumbuka kuliko zote. Nikajibu kiberenge cha Alibhai. Mkacheka, mkadhani nasema toroli la kubebea sukari dukani. Haya, sasa nisikilizeni. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mishahara ilikuja imechoka njiani.

Nilishuka kutoka kwetu Mgeta wakati wa Mjerumani, reli ikiwa ndiyo kwanza imefika Morogoro. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba mataruma, vile vyuma vinavyolazwa chini ya reli. Wazee waliniambia Mjerumani ameogopa mchwa ndiyo maana hakutumia miti. Mimi naona aliona bega langu akalitamani. Taruma la chuma likishapigwa na jua la saa sita, usiombe. Nilikuwa nimeshaamua kurudi mlimani kulima maharage wakati fundi mmoja wa karakana alipotoka nje na kuuliza ni nani anaweza kushika upande wa pili wa msumeno.

Huyo alikuwa Mzee Feruzi, mtu wa Pangani, seremala na fundi chuma kwa pamoja. Mfupi, mkali, na shavu moja limejaa tumbaku kila saa.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba. Unajua kunyamaza?"

Nikanyamaza.

"Huyu anafaa," akasema, akanipa msumeno.

Siku ile ile alipindua kiberenge juu ya magogo, akazungusha gurudumu, akanishika mkono na kuuweka kwenye ekseli. "Inasema nini?" Nikamwambia haisemi kitu. "Basi kaa hapo mpaka iseme." Nikakaa na gurudumu lile, nazungusha, nasikiliza, njaa inaniuma, wenzangu wanapita wananicheka. Alasiri ndipo nilipohisi kitu kidogo kinakwaruza ndani, mchanga umeingia kwenye bushi, ile pete ambamo ekseli inazungukia. Nilipomwambia hakunisifu. Alisema, "Umechelewa. Uoshe." Lakini toka siku hiyo hakuniita tena 'wewe', aliniita Mluguru, na kwa Mzee Feruzi hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Ninyi viberenge mmevizoea vya injini. Vya siku zile vilikuwa kitanda cha mbao juu ya magurudumu manne, na katikati mpini mrefu, watu wanaupandisha na kuushusha kama wanaovuta maji ya bomba, na gari linakwenda. Kazi yake ilikuwa kukagua njia. Lakini wazungu wa mashamba ya mpira, na wale waliochimba ulanga, yale mawe ya kumeta, milimani, walikuwa na ugonjwa wao. Walipenda mbio. Jumapili ambayo hakuna treni, walikuja mjini na viberenge vyao wenyewe, wakashindana kutoka Morogoro kuteremka hadi Kingolwira. Njia ni moja, hivyo waliondoka mmoja mmoja. Bendera ikishushwa hapa, karani anagonga simu ya waya, na kule Kingolwira mtu anaanza kutazama saa yake. Mzungu alisimama mbele na kofia yake, mkono kwenye breki, na nyuma yake watu weusi wanne wakipiga mpini mpaka jasho linaingia machoni. Akishinda, picha anapigwa yeye.

Nani aliwatengenezea viberenge hivyo? Karakana yetu. Bwana Mkubwa wetu, Mjerumani mmoja mwembamba ambaye sisi tulimwita Bwana Kengele kwa sababu hakuna alichoanza wala kumaliza bila kupiga kengele, naye alikuwa mgonjwa wa ugonjwa huo huo. Baada ya kazi za reli alituruhusu kushika kazi za mbio. Mmoja alitaka kiberenge chenye pua iliyochongoka kama jembe. Mwingine alitaka kiti cha ngozi na mahali pa kuwekea chupa. Bwana wa ulanga alitaka chuma kitupu toka juu hadi chini. Mzee Feruzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia pembeni, "Huyu anataka jeneza lenye magurudumu. Tumchongee." Tukamchongea.

Sasa Alibhai. Alikuwa Mhindi mwenye duka la nguo karibu na soko, kijana bado, mchangamfu, ulimi mwepesi. Miguu yake yote miwili ilikuwa imekufa tangu utotoni. Dukani alijiburuta kwa mikono, akapanda na kushuka kwenye kaunta kwa wepesi wa ajabu. Nje ya duka alibebwa. Na aliyembeba siku zote alikuwa Maganga.

Maganga alikuwa Mnyamwezi, mnyapara wa genge lililotunza njia ya reli kati yetu na Kingolwira. Pande la mtu. Kabla ya reli alikuwa mpagazi wa misafara, na Alibhai alipokuja kufungua duka alibebwa kwa machela kutoka Bagamoyo hadi Morogoro, Maganga akiwa mmoja wa wachukuzi. Reli ilipoua kazi ya upagazi, Maganga akapata kazi kwenye hiyo hiyo reli, ila yeye hakumwacha Alibhai. Kila jioni alipita dukani na kupiga kelele mlangoni, "Mzigo wangu, hujambo?" Alibhai alijibu kwa kucheka. Mimi niliyekuwa karibu niliona kwamba hakucheka kwa macho.

Kwa wale mliokuja kazini kutoka mbali, Wanyamwezi ni watani wetu Waluguru. Mtani atakutukana mbele ya mkweo na huruhusiwi kukasirika. Atakuja kwako achukue sufuria, kofia, hata mbuzi, akae nayo barazani akwambie "komboa," nawe utamkomboa kwa kitu kidogo huku ukimtukana. Ukikasirika, umejiaibisha mwenyewe. Maganga aliniita mla panya wa milimani. Mimi nilimwita punda aliyesahauliwa na msafara. Tulipendana sana.

Jioni moja Maganga alimleta Alibhai karakana, mgongoni, akamtua juu ya meza ya kazi kama gunia. Alibhai akatoa chaki yake ya kukatia nguo, akachora juu ya ubao wetu. Magurudumu manne. Kiti cha chini, katikati. Mpini mbele ya kiti, wa kuvutwa na kusukumwa mtu akiwa ameketi.

"Cha nani?" akauliza Mzee Feruzi.

"Changu."

"Na watu wa kupiga mpini watakaa wapi?"

"Hakuna watu. Mimi."

Mzee Feruzi akatema tumbaku. "Mtu mmoja hawezi kuzungusha chuma hicho hadi Kingolwira. Utaishia njiani, kunguru wakuone."

Alibhai akamnyooshea mkono juu ya meza. "Nivute, Mzee."

Wakashikana. Jamani! Mzee Feruzi, aliyekuwa akipinda chuma kila siku, aliburutwa juu ya meza yake mwenyewe, patasi na misumari vikamwagika, kofia ikaanguka. Maganga alicheka mpaka akaketi chini. Mzee akaokota kofia, akaifuta vumbi polepole.

"Kwa nini unataka?" akauliza, sauti imepoa.

Alibhai alimtazama Maganga kwanza, akashusha sauti, lakini karakana ilikuwa ndogo, sote tulisikia. "Toka nizaliwe, kila nilikokwenda nimepelekwa. Nataka mara moja tu niende. Tena niende upesi."

Mzee Feruzi akaniambia, "Mluguru, pima urefu wa mikono yake."

Vijana wangu, kazi hiyo ilinifundisha kuliko zote. Uzito ndio ulikuwa adui. Kila kilichoweza kuondoka kiliondoka. Nilipanda hadi kwetu Mgeta kutafuta mianzi, ile ya juu kwenye ukungu, myembamba na mikavu. Mama aliilaza darini juu ya moto wa jikoni ili moshi uikomaze na mdudu asiiguse, na kila alipopika alinilaumu kwamba ninamchafulia nyumba kwa kitanda cha Mhindi. Kisha yeye mwenyewe akanikamulia mafuta ya nyonyo ya kulainisha ekseli. Msidharau mafuta ya nyonyo. Hayakimbii chuma kikipata moto. Hadi leo nikisikia kijana anadai grisi ya kopo ndiyo kila kitu, namtazama tu.

Magurudumu yalitoka kwenye kiberenge kilichokufa, na Bwana Kengele mwenyewe alituruhusu kuyapunguza kwenye mashine ya kukereza. Alikuja akaizunguka kazi yetu, akainua kiunzi kwa mkono mmoja, akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Mtu mwenyewe kiberenge, mtu huyo ndani. Hiyo sheria. Mhindi, Mjerumani, mimi hapana jali." Nadhani alichoka kutazama watu wale wale kila Jumapili.

Sehemu ngumu ilikuwa mpini. Alibhai hakuweza kukaza miguu, hivyo kila alipovuta aliteleza kitini. Tulijaribu mikanda, ikamkata. Mwisho Mzee Feruzi alichonga kiti kwa mkangazi kufuata umbo lake hasa, kama kiatu. Na mpini tukaufanya wa kuchomoka, ili apande kwanza kisha uwekwe mbele yake. Ulishikwa na pini moja tu. Kumbukeni huo mpini wa kuchomoka.

Jumapili ikafika. Kituoni palijaa watu, wazungu na bia zao upande wa kivuli, sisi upande wa jua. Bwana wa mpira alikwenda mbele ya wote, watu wake wakiimba. Bwana wa ulanga akafuata na jeneza lake. Kisha tukamwita Alibhai. Maganga alimbeba, akamketisha kwenye kiti cha mkangazi, akamfunga mkanda kiunoni. "Mzigo wangu, usianguke," akasema. Nami nikainama kuchukua mpini pale nilipouegemeza.

Haupo.

Nikageuka. Maganga alikuwa ameketi juu ya tuta, mpini kapakata kama mtoto, meno yote nje.

"Komboa, mla panya."

Nikacheka. Ningefanya nini? Wiki iliyopita mimi nilichukua kofia yake nikamtoza muhogo. "Punda wee, leta hapa! Unataka nini?"

"Jogoo."

"Jogoo utapata jioni. Leta."

"Nione miguu yake kwanza."

Wote wa upande wa jua wakaangua kicheko. Lakini bendera ilikuwa imeshainuliwa, na Bwana Kengele hapendi bendera ingoje. Akaja na askari. Akamtazama Maganga, akautazama mpini, akanigeukia mimi.

"Wewe mpa yeye?"

"Hapana, Bwana Mkubwa. Ni mtani wangu."

"Ndugu?"

"Hapana."

"Rafiki?"

"Hapana, Bwana. Mtani."

"Wewe mpa ruhusa?"

Nikisema nilimpa, ningeumbuka, maana askari alikuwa amesimama pale na amesikia kila neno. "Hakuna ruhusa, Bwana. Mtani haombi."

"Basi mwizi." Akamwashiria askari. "Kitu cha reli. Hamsa ishirini."

Kicheko kikafa. Hamsa ishirini ni viboko ishirini na tano, na ninyi hamkuviona, mshukuruni Mungu. Askari akamshika Maganga mkono. Yule mtu mkubwa hakubisha. Alinitazama tu, na uso wake ulikuwa umeingia haya kuliko hofu. Nilijaribu kueleza tena. Kadiri nilivyoeleza utani, ndivyo ulivyozidi kufanana na wizi. Nilitaka kulia, nasema kweli.

Ndipo Alibhai akaita kutoka kwenye kiti chake.

"Bwana Mkubwa! Huyo ni mtu wangu wa kupiga mpini. Ameshika kitu chake cha kazi. Kosa liko wapi?"

Bwana Kengele akageuka. "Wewe sema kwenda peke yako."

Mkono wa Alibhai ulikuwa juu ya ule mwanzi wa pembeni, anaupapasa.

"Nimebadili," akasema. "Nakwenda naye."

Bwana Kengele hakuwa mjinga. Alitazama kiberenge chenye kiti kimoja, akamtazama Maganga alivyo, akatabasamu kidogo. "Haya. Yeye panda. Kama hapana panda, askari."

Mzee Feruzi akanishika kiwiko. "Kitavunjika," akanong'ona. "Mianzi ile haikukusudiwa tembo." Lakini Maganga alikuwa ameshakuja, akaweka mpini mahali pake, nami nikatia pini. Akakalia ncha ya mbele kabisa, mgongo kwa Kingolwira, uso kwa Alibhai, magoti karibu yaguse kidevu. Mianzi ikalia. Haikuvunjika. Bendera ikashuka.

Kwa desturi fundi alifuata nyuma na kiberenge cha kazi, na vifaa, kama kitu kitaharibika. Hivyo mimi na Mzee Feruzi pamoja na vijana wawili wa genge tuliwafuata, na niliyoyaona niliyaona kwa macho yangu. Hatua za mwanzo waliupiga mpini pamoja, Maganga anasukuma, Alibhai anavuta. Kituo kilipopotea nyuma ya kona, Alibhai alisema kitu. Maganga akajibu kitu. Alibhai akapiga kelele. Basi nikamwona Maganga anaachia mpini, anainua mikono yote miwili, anaiweka juu ya kichwa chake. Akakaa hivyo. Na kiberenge hakikupunguza mwendo.

Baadaye waliniambia walichosemezana. Maganga aliomba amsaidie hadi mwisho, kama malipo ya kuokolewa. Alibhai akamjibu, "Wewe kaa! Mimi nilikaa toka Bagamoyo mpaka Morogoro, uliona mkono wangu ukisaidia?"

Wacha! Alivuta mtu yule. Mabega yanapanda, yanashuka, shati limegandana na mgongo, na njia inateremka kidogo, na mafuta ya nyonyo ya mama yangu yanafanya kazi yake. Sisi wanne kwenye mpini wetu tulikuwa tunahema na hatukumkaribia. Mzee Feruzi aliacha kupiga. Alisimama tu amekodoa macho, tumbaku imesahauliwa shavuni. "Sikiliza," akaniambia. "Inasema nini?" Nikasikiliza. Magurudumu yale yalikuwa kimya kabisa, hakuna kinachokwaruza. Nikamwambia haisemi kitu. "Ndiyo," akasema, na akacheka kwa mara ya kwanza toka nimfahamu.

Hatukushinda. Bwana wa mpira alishinda, na picha akapigwa. Bwana wa ulanga na chuma chake alikuwa wa mwisho, na watu wake walihitaji kumwagiwa maji. Kwa hesabu ya saa, Alibhai aliingia katikati yao. Tulipofika Kingolwira tulimkuta ameshika breki kwa mikono miwili, mdomo wazi, hewa haimtoshi, machozi yanatiririka hadi kwenye ndevu. Maganga alikuwa bado ameketi pale mbele.

"Shuka, punda," nikamwambia. "Tumefika."

"Mzigo haushuki wenyewe," akasema. "Toka lini?"

Alibhai akamtazama. Kisha akafungua mkanda, akajiburuta hadi mbele, akampa bega. Maganga akaliegemea, taratibu, kwa adabu yote, akateremka. Na Alibhai akabaki pale kwenye ncha ya mianzi, akisema peke yake, kama mtu anayejaribu neno jipya mdomoni, "Nimebeba mtu. Leo nimebeba mtu." Safari hii alipocheka, alicheka kwa macho.

Nilijenga vingine baada ya hapo. Vita vilikuja, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaja na viberenge vyake vya injini, mbio zikafa. Mzee Feruzi alirudi Pangani na kuniachia randa yake, ile ile mnayoigombania hapo karakana. Niliwafundisha wengi wenu kwa gurudumu na kiganja, na nilikuwa mkali, najua mnasema.

Lakini mlichoniuliza ni kazi ninayoikumbuka, na bado sijamaliza. Kesho yake asubuhi nilikwenda dukani kwa Alibhai kuchukua kitambaa cha mama, malipo yake ya mafuta. Mikono yake ilikuwa imevimba, hawezi kushika hata mkasi. Nikiwa pale Maganga akaingia. Mimi nilidhani atapiga kelele zake za "mzigo wangu." Hakupiga. Hakusalimia hata. Alikwenda moja kwa moja kwenye kaunta, akachukua ile fimbo ya kupimia nguo, akatoka nayo, akaketi barazani mbele ya watu wote.

"Komboa," akasema.

Wapita njia wakasimama. Alibhai hakuwa Mluguru. Hakuna mtu aliyewahi kumchukulia Mhindi kitu namna ile na kukaa nacho wazi, na askari wa boma alikuwa anapita upande wa pili. Alibhai alimtazama Maganga. Aliitazama fimbo yake. Nikaona ndevu zinaanza kutetemeka.

"Punda wee!" akapiga kelele hadi sokoni wakasikia. "Punda uliyesahauliwa na msafara!" Kisha akanigeukia, akanisukuma kwa kiwiko kwa sababu kiganja hakifai. "Nenda sokoni upesi. Nitafutie jogoo. Awe mnono."